Zamu ya Usiku

Ujanani mwetu simu ya mtaani ilikuwa kibanda kando ya posta. Ulipanga foleni na sarafu mkononi, na ulichosema aliyekufuata alikisikia. Misiba ilitangazwa pale, madeni yakadaiwa pale. Ya moyoni hakuna aliyeyapeleka kibandani. Mtu akijiua, wakubwa walisema "aliugua ghafla", sisi tukatumwa dukani. Aliyenusurika alikuwa mkosaji: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimtishia kifungo cha hadi miaka 2. Nani angethubutu kusema yaliyomsibu?

Na wakati huo kwingine laini za simu za kuwasaidia wanaofikiria kujiua zilikuwa kongwe. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alitangaza nambari MAN 9000 katika kanisa la St Stephen Walbrook, London. Watu waliokuja kumwona walipozidi, akapata wasaidizi wa kuwapokea na kuwapa chai wakisubiri zamu. Kumbe wengi walimaliza mazungumzo na yule wa chai, wakaondoka bila kumwona kasisi! Mwaka uliofuata akawaachia kazi hao. Hadi leo laini nyingi huendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa kusikiliza. Hawahubiri. Huuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo, mara nyingi humpa nafuu. Kisha huuliza kama amepanga lolote, yuko na nani, nani aitwe.

Sasa simu iko mfukoni. Kenya ina laini ya Befrienders Kenya, na nambari 116 ya watoto isiyolipiwa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Faragha tumeipata, hofu ya pingu imepungua, ila wa kupokea simu ni haba. Laini hutegemea wafadhili na wanaojitolea, na zamu ya usiku, yenye uhitaji mkubwa, ndiyo ngumu kujaza. Kuna wapigao kwa mzaha, kuna wapigao wakanyamaza. Wote hupokewa, maana hujui. Wapokeaji huchoka, wengine huacha. Na aliye hatarini akipiga kutoka kijiji cha mbali, atumiwe nani, ikiwa wataalamu wa afya ya akili wengi wako mijini?

Serikali na kampuni za simu ziondoe malipo kwenye laini hizi zote, na wanaokesha walipwe. Nawe msomaji, ukimwona mwenzako amebadilika, muulize bila kuzunguka, usiondoke kabla hajajibu.