Tumbo la Dadangu Halikuwa na Ameba

Wengi mnaijua Chepsaita kwa mbio za nyika. Mimi naijua kwa sababu ndiko nyumbani, na ndiko dadangu alikaa siku sita ameshika tumbo, kila mtu akimwambia ni ameba.

Si unajua vile sisi Wakenya tuko. Tumbo likiuma ni ameba, na kama si ameba ni taifodi. Senge akasema ni mursik. Kliniki moja ikampima damu, ikasema taifodi, tukalipa, tukarudi na dawa. Kile kipimo cha damu kinatafuta tu alama za kinga, na hizo zinaweza kuwa zimebaki kutoka ugonjwa wa zamani. Lakini nani aliuliza? Tulifurahi kupata jina.

Hakuna aliyetaja kwamba dada ana lupasi. Ana miaka 23. Katika kila watu 10 wenye lupasi, kama 9 ni wanawake, na wengi inawashika wakiwa bado vijana. Sisi tuliijua kama ugonjwa wa viungo, madoa ya uso na figo. (Ukisema lupasi, mabeshte wanakuambia, "Ule wa Selena Gomez?" Ndiyo, huo, aliyewekewa figo mwaka 2017.) Ya tumbo hatukuwa tumesikia.

Siku ya saba alitapika mpaka maji yakakataa kukaa. Boda hadi barabara ya Malaba, halafu matatu hadi Eldoret. Njiani aliniambia kitu kimoja tu: "Usisahau kuwaambia niko na lupasi."

Daktari aliposikia hilo neno, aliacha kuandika. Akaagiza picha ya CT. Ukuta wa utumbo ulikuwa umevimba, unaonekana kama duara ndani ya duara. Akatueleza polepole: kinga ya mwili imegeuka na kushambulia mishipa midogo inayopeleka damu kwa matumbo. Damu isipofika vizuri, utumbo unafura. Ukichelewa sana, sehemu inaweza kufa na kutoboka, na hapo ni upasuaji.

Hakukurupuka, nampa heshima. Dawa za lupasi hupunguza kinga, kwa hivyo mgonjwa anaweza kuwa na maambukizi ya kweli. Anaweza pia kuwa na vidonda vya tumbo kutokana na tembe za maumivu. Na kama tayari anameza steroidi, hizo zinaweza kuficha uchungu, tumbo likawa baya kuliko vile linaonekana. Alipima hayo yote kwanza, ndipo akamwanzishia steroidi kupitia mshipa. Siku ya tatu dada aliomba uji. Sijawahi kufurahia uji hivyo.

Sasa, kitu ambacho sijawaambia hata wazazi. Usiku wa nne pale nyumbani, alikuwa analia, na mimi nikamwambia apunguze drama, nilikuwa nahariri video. Alinyamaza. Hakulia tena mbele yangu mpaka tukafika Eldoret. Tulivyorudi nilimwomba msamaha, akacheka, akaniuliza ile video ilipata watu wangapi.

Siku hizi ukishika simu yake, kabla hata ya kuifungua, unaona maandishi: "Nina lupasi. Dawa zangu ni hizi." Senge bado anasema ilikuwa mursik.