Mahali Peupe

Baridi ya Kiomboi si baridi ya kutisha. Katika miezi ya Juni na Julai upepo huvuma juu ya nyanda za Iramba, wazee hujitanda mablanketi na watoto huzunguka moto; kisha jua hupanda, na baridi husahauliwa mpaka jioni. Mtu aliyelelewa katika baridi ya namna hiyo hana haki ya kujigamba kwamba azijua ncha za dunia. Hata hivyo, ramani ya mdudu wa ncha ya kusini, niliyoikuta maktabani nilipokuwa mwanafunzi, ndiyo iliyonifahamisha asili ya msiba ulioifika nyumba yetu nilipokuwa mtoto.

Ramani ile ilionyesha makazi ya mdudu wa Antaktika aitwaye Belgica antarctica. Jina lake latokana na Belgica, merikebu ya msafara wa Wabelgiji wa miaka 1897 hadi 1899, ambamo Emil Racoviță, mwanasayansi wa Romania, alikusanya viumbe vya nchi ile. Ni wa jamii ya visubi. Urefu wake haupiti milimita 6, na mbawa za kurukia hana. Pamoja na udogo huo, katika wanyama wa asili wa bara lile wanaoishi nchi kavu maisha yao yote, hakuna amzidiye kwa ukubwa. Hukaa katika hali ya buu kwa muda wa miaka 2, akiganda pamoja na udongo na kuyeyuka pamoja nao. Akishapevuka huishi siku chache tu, hutaga, hufa.

Nukta za ramani zilifuata pwani ya magharibi ya rasi ya Antaktika na visiwa vya jirani. Kwingineko kote palikuwa peupe. Nilitazama weupe ule nikajiuliza: je, nukta hizi ni maskani ya mdudu, au ni mahali ambapo wachunguzi waliweza kushuka chomboni? Na weupe huu, wasema kwamba mdudu hayuko, au kwamba mtu hajafika?

Swali hilo lilinirudisha nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka 11 ukame ulipoyamaliza malisho yetu. Baba alikuwa na ng'ombe 14, akakusudia kuwateremsha kwa njia ya Sekenke mpaka kandokando ya mbuga ya Wembere, ambako ilisemekana majani yangaliko. Kwanza alimwuliza mtu mmoja aliyetoka huko kama vichakani mna mbung'o. Yule mtu akajibu, "Sikuwaona." Baba akawafungulia ng'ombe wake.

Mjumbe yule alisema kweli tupu. Alikuwa amepita vichakani alfajiri, katika mwezi wa Julai, akiwahi kupanda mlima kabla ya jua kuwa kali. Mbung'o hupumzika usiku, na hewa ikiwa baridi hukawia kuondoka alipotua. Ng'ombe wetu walikaa huko mchana kutwa, majuma mengi. Waliporudi walikuwa wamekwisha kupata nagana. Walikonda hali matumbo yao yamejaa majani. Manyoya yakawasimama, machozi yakawatoka. Mvua zilipoanza walikuwa wamesalia 3. Ng'ombe aliyewekwa kwa karo ya dada yangu alikuwa wa nne kufa, na dada hakurudi shule.

Watu walimlaumu mjumbe. Baba hakumlaumu hata siku moja. Alisema, "Yeye aliniambia alichokiona, mimi nikasikia nilichokitaka."

Baadaye nilijifunza kwamba katika nchi yetu walikuwako watu waliolishughulikia jambo hili kwa uangalifu mkubwa. C. F. M. Swynnerton, mkurugenzi wa kwanza wa uchunguzi wa mbung'o katika Tanganyika, aliufanya Shinyanga kuwa makao ya kazi hiyo. Ramani ya mbung'o ilichorwa kwa miguu. Watu walipita njia ile ile mara kwa mara, wamebeba kitambaa cheusi au kumwongoza ng'ombe, wakisimama katika vituo vilivyowekwa, wakikamata na kuhesabu mbung'o waliotua. Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, alichunguza miti na vichaka, kwa maana mbung'o hukaa penye kivuli kimfaacho. Kitabu cha Swynnerton juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki kilitoka mwaka 1936. Mwaka 1938 yeye na Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege huko Singida. Aina moja ya mbung'o, apatikanaye Tanzania na kusini mwa Kenya tu, huitwa Glossina swynnertoni. Jalada la kitabu lina jina moja. Waliobeba kitambaa juani walikuwa wengi.

Ninachokistahi zaidi katika kazi yao ni thamani waliyoipa sifuri. Kwao, kutomwona mbung'o kulikuwa ni habari pale tu ilipojulikana kwamba mtu alitafuta mara ngapi, saa gani, na msimu gani. Sifuri ya alfajiri ya Julai si sawa na sifuri ya mchana wa Machi. Baba alipewa sifuri moja, akaichukua kuwa mia.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi watakaochora ramani za viumbe, wa barafu au wa vichaka, wasituachie weupe wa namna moja. Na wapake rangi moja mahali walipotafuta wakakosa, na rangi nyingine mahali wasipofika. Si aibu kuandika kwamba hatujafika. Aibu ni kumwachia mchungaji aliye chini ya mlima afumbue kwa mifugo yake fumbo ambalo wino kidogo ungalilifumbua.