Nyimbo Tunazo, Ule Muziki wa Bibi Uko Wapi?

Wadau, leo sina kiki ya mtu. Leo namleta bibi yangu, na msinicheke.

Bibi macho yamekwenda. Filamu siku hizi anaisikiliza tu. Usiku nachomeka simu kwenye spika ndogo, namwekea za Kihindi za zamani, yeye amejilaza mkekani. Na wallahi ananishinda mie ninayeona! Kwenye Mother India ya 1957, ile sehemu ya mwisho mama anapompiga risasi mwanawe, bibi huanza kulia kabla bunduki haijalia. Anajuaje? Muziki. Sio wimbo, nasema ule muziki unaopita chini chini watu wakiwa hawaimbi.

Juzi nikakosea, nikaweka nakala mbovu. Sauti inakwaruza, mara inakatika. Bibi akakaa kitako. "Mbona wamekata? Hapa pana fidla."

Nikasema isiwe tabu, nitautafuta huo muziki peke yake. Aisee! Nyimbo zipo kibao, rimiksi zipo, karaoke zipo. Alichokitaka bibi sikukipata.

Nikaenda Darajani kwa mzee mmoja, jina namhifadhia. Zamani aliuza kaseti, sasa anauza makava ya simu. Akacheka. "Mwanangu, kwenye sahani na kaseti walitia nyimbo. Huo mwengine ukitaka kuusikia ulikata tiketi." Akanioneshea kidole upande ilipokuwa sinema ya Empire.

Hapo ndio nikaelewa. Wimbo ulitoka kwenye filamu ukaenda redioni, harusini, mpaka kwenye simu yako. Muziki wa nyuma mara nyingi ulibaki humo humo ndani ya filamu. Mkanda ukiharibika, na wenyewe unakwenda nao.

Sasa msiniambie haiwezekani. Mughal-e-Azam ya 1960 ilirudi sinema mwaka 2004 imetiwa rangi, sauti imesafishwa, na Naushad aliyeitungia muziki alikuwa bado hai. Desemba 2024 Raj Kapoor alipotimiza miaka 100 tangu azaliwe, filamu zake 10 zilirudishwa kwenye majumba ya sinema kule India, Awara ya 1951 ikiwemo. Hiyo Awara waulizeni wazee wa Unguja, watawapigia mluzi wake sasa hivi.

Ila kuna jambo. Ile Mughal-e-Azam ya rangi nilimwekea bibi, nikidhani nimemfurahisha. Akasikiliza kidogo. "Nzuri. Lakini si yenyewe, hii imepigwa upya." Nikabisha. Kwenda kusoma, kumbe kweli! Sauti za waimbaji waliziacha zile zile, ala wakaleta wanamuziki wapya wakazipiga tena. Bibi hana macho ila masikio anayo, bana.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mali: mkiwa mnasafisha picha, na ule muziki wa nyuma utoeni peke yake. Ule ule waliopiga wenyewe, hata kama una mikwaruzo kidogo. Sisi vijana tutausikiliza tu kama kitu cha zamani. Kwa mtu kama bibi, ndio filamu yenyewe iliyobaki. Na wanaoweza kusema "si yenyewe" wanapungua kila mwaka. Wakishaisha, tutauziwa chochote na tutashukuru.

Jana nilimwambia, "Bibi, hebu niimbie hiyo fidla." Akaona haya kwanza. Halafu akavuta ukaya mdomoni, akaanza kwa puani, taratibu, mpaka pale inapopanda. Nimemrekodi kwenye simu, kama dakika mbili, na kwa mbali unasikia jirani anaita paka. Mpaka wenyewe watoe, nakala niliyonayo ni hiyo.

Haya, na nyinyi mna bibi au babu anayekumbuka muziki wa filamu ambao hamuupati popote? Tupieni hapo chini. Na leo leo mrekodini, msingoje.