Sanduku la Mtaa

Baba alikuwa mtunza hazina wa mtaa wetu wa Kilutheri huko Uchagani tangu kabla sijajua kusoma. Sadaka zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake mpaka siku ya kuzipeleka usharikani, na mara nyingi zilizidi fedha yote iliyokuwamo nyumbani. Jioni moja chumvi iliisha. Mama akasema thumni tu ingetosha, ingerudishwa kesho yake. Baba hakukasirika wala hakuhubiri. Alivaa koti akaenda kukopa kwa jirani, gizani, kwenye tope la masika.

Baada ya ibada kulikuwa na mnada. Wasio na fedha walileta walichonacho: mkungu wa ndizi, miwa, maziwa kwenye kibuyu, kuku aliyefungwa miguu. Aliyenunua yai aliweza kulirudisha liuzwe tena, likazunguka hivyo mpaka kanisa zima linacheka na yai limeingiza zaidi ya kuku. Kisha wazee wawili walihesabu kwa zamu mbele ya watu, Baba akiandika. Bibi aliyeleta mafungu mawili ya mchicha alisikia mchicha wake ukitajwa na bei yake, sawa na mwenye ng'ombe.

Halafu ikaja miaka ya kahawa. Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazil, na sisi tusiojua Brazil iko upande gani tukaneemeka kwa msiba wao. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, pamoja na KNCU yetu ya tangu 1933. Wanaume walinung'unika, lakini bei ilikuwa imepanda, kwa hiyo walinung'unika huku wakinunua mabati na redio.

Msimu huo mnada uliharibika kidogo. Mzee mmoja mwenye mibuni kuliko sisi sote alinunua jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha akageuka kuona nani ameona. Jumapili iliyofuata mwinjilisti akachagua somo la yule tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Tulimkodolea mzee yule macho ibada nzima. Miaka mingi baadaye ndipo Baba aliponiambia kwamba godoro, sanduku na sare za mtoto wa mjane aliyekwenda sekondari ya bweni zilitoka kwa mzee huyohuyo, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe popote. Sijui nimwite mtu wa namna gani, na nashuku kwamba mwinjilisti naye asingejua.

Mafundisho ya uwakili yalikuja kila mwaka, pamoja na bahasha za ahadi. Kwamba ulichonacho si chako, umekabidhiwa tu: kwa Mchaga hilo halikuwa jambo geni. Kihamba, yaani shamba letu la ukoo, Baba alikikuta. Babu alizikwa humo, na kukiuza kulikuwa karibu sawa na kumfukua. Kazi ya Baba ilikuwa kuweka samadi, kuzibua mfereji zamu yake ilipofika, na kukabidhi. Wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893 walileta mengi, lakini hili nadhani walilikuta.

Ila kihamba kilikuwa na warithi wake, na sisi mabinti hatukuwamo. Tulibeba samadi, tulichuma kahawa, tukaiosha na kuianika kwenye vichanja, tukitunza mali ya kaka zetu. Hakuna mahubiri niliyosikia enzi hizo yaliyogusa jambo hilo, ingawa mimbari ilijua kutaja pombe kwa jina.

Mwaka 1989 mgawo wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika, bei ilianguka na mibuni mingi ikaachiwa magugu. Baba alizeeka, akakabidhi sanduku na madaftari. Kamati ikayapekua mchana kutwa, naye akakaa pale akisubiri kuulizwa.

Krismasi moja, tulipopanda mlimani wote kama desturi, alituita uani. Alikuwa na daftari lingine, la nyumbani, nisilowahi kuliona. Akasoma kwa sauti ileile ya kusomea mapato ya mtaa: nani alibeba samadi miaka gani, nani alitibu ng'ombe, nani aliwahi kutuma fedha ya dawa ya mibuni. Alipomaliza akasema kipande cha chini, kando ya mfereji, ni changu.

"Baba, huyu ameolewa," kaka yangu mkubwa akasema. "Mumewe ana kihamba chake."

"Mwanangu, nimepiga hesabu. Anatudai."

Masale ya mpaka aliyapanda mwenyewe kesho yake, mimi nikimshikia jembe. Kaka hakuja. Alikuja mwezi uliofuata, kuniuliza kama ile migomba nitamkodisha.