Siku Mbili za Baba

Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba magharibi ya Kenya, hadi karibu na Nairobi, ni mali ya Uganda. Sisi wa Mautuma tulikuwa ndani ya ramani yake. Wazee walijua kuwa huku kuliwahi kuhesabiwa Uganda hadi 1902, na hilo liliwatia hofu zaidi. Baba alisimama uani, akatazama upande wa Malaba, akapiga hesabu: wakivuka leo, wapite Bungoma, wafike Nzoia pale Webuye, tuna siku mbili za kuwaficha watoto na ng'ombe.

Kizazi chetu kililelewa ndani ya siku mbili hizo.

Hawakuvuka. Jeshi letu lilipelekwa mpakani, lakini naamini kilichomshika Amin mkono zaidi ni reli hii ipitayo kwetu Lugari. Julai alikatiwa mafuta ya kutoka Mombasa. Agosti akakubali mapatano. Watu walipata nafasi ya kutishana, kunyimana, kisha kuketi.

Vita vya Tanzania na Amin vya 1979 vilipopiganwa, Waganda walitusimulia Saba Saba, jina walilozipa roketi za Tanzania. Lori moja, mirija 40, kilomita 20 hivi. Tulidhani hakuna silaha itakayozidi hiyo. Kumbe zilikuwepo.

Makombora yanayorushwa kutoka ardhini na kufika kilomita 500 hadi 5,500, Reagan na Gorbachev waliyapiga marufuku kwa nchi zao mwaka 1987, yakaharibiwa 2,692. Ubaya wake ulikuwa dakika: kiongozi anaamshwa usiku, hana hata nafasi ya kuuliza kama rada imekosea. Mwaka 2019 mkataba ule ukafa. Mwaka 2024 Marekani ikapeleka Ufilipino mtambo wa kurushia makombora ya masafa hayo, unaokokotwa na lori. Wanasema jirani akiuona hatathubutu. Silikatai hilo, Amin naye aliliogopa jeshi letu. Ila Amin alipewa miezi ya kuogopa. Hawa wanapeana dakika, na wajukuu zetu wanalala katikati yao.

Wangu ni mlinzi Doha. Tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya Wamarekani ya Al Udeid iliyo karibu na Doha, yakavuka Ghuba. Mengi yalitunguliwa, hakuna aliyekufa. Aliponipigia simu nilimwuliza swali la baba yangu: ulikuwa na muda gani?

"Babu," akasema, "nilisikia mlio kwanza."