Mkate wa Jana

Kwetu Tandika mkate ulikuwa na siku mbili. Siku ya kwanza ulikuwa mkate wa watu: laini, unanukia, umelala kwenye kabati la kioo dukani ukisubiri wenye hela. Siku ya pili ulikuwa mkate wetu.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu hadithi zangu zote za mwanzo, ndugu msomaji, zilianza asubuhi, na asubuhi hizo zote zilikuwa za uongo. Mhusika wangu aliamka kwenye kitanda cha sita kwa sita, akavuta pazia, akashuka ngazi, akakuta mezani mayai, soseji na juisi ya machungwa. Mimi ngazi nilizozijua ni za shuleni. Soseji nilikuwa nimezila mara moja tu, harusini, na moja ilinidondoka.

Siku moja kwenye kijiwe chetu cha uandishi, pale tunapokutana Jumamosi kusomeana kazi, nikasoma ukurasa mzima wa soseji hizo. Washikaji wakanipigia makofi ya adabu. Dada mmoja aliyetutangulia katika kazi hii hakupiga. Akaniuliza: "Wewe mwenyewe asubuhi unakula nini?"

Nikazuga. Nikasema, chai na kitu chochote.

"Basi hicho kitu chochote ndicho nilichotaka kukisoma," akasema, kisha akamgeukia mwingine.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimenuna. Lakini njiani kile kitu chochote kikaanza kuninukia: hiliki, maziwa, na sukari inayoungua kidogo pembeni mwa sufuria.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita. Mzee wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na nondo za madirisha kwenye kibanda kilichokuwa mbele ya nyumba tuliyopanga. Mwaka huo mabwawa ya kuzalishia umeme yalipungukiwa maji, mgao ukatanda nchini. Kuna siku umeme uliondoka alfajiri ukarudi sisi tumeshalala. Mzee anashinda kwenye benchi, miwani ya kazi iko kichwani, anasubiri. Mteja anakuja kuulizia geti lake, anaambiwa kesho, anaondoka akisonya. Seremala anaweza kuranda mbao kwa mkono, umeme uwepo usiwepo. Lakini chuma na chuma huwezi kuviunga kwa mate.

Hapo ndipo mama alipoanza kununua mkate wa jana. Duka la mtaa wa pili lilikuwa likibakiza mikate, na mwenye duka akampunguzia bei. Mama hakututangazia kwamba mambo yamekuwa magumu. Alisema tu, "Kesho nawapikia kitu." Mzee ndiye aliyeuchukua ule mkate, akaugonga mezani ko! ko! akacheka: "Mkate haujachacha huu. Tuliochacha ni sisi."

Mama ni mtu wa Pangani, amelelewa na bibi yake, na huko alijifunza kupika kwa moto wa juu na wa chini. Oveni hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo umeme ungetoka wapi? Alichukua sufuria kubwa, akatandaza ndani yake mchanga uliooshwa na kukaushwa, unene wa vidole viwili. Akaiweka jikoni ili mchanga upate moto taratibu. Mchanga ule unausambaza moto, hauachi makaa yaikamie sehemu moja ya chungu cha ndani.

Wakati mchanga unapata moto, alikata slesi sita nene, akazipaka siagi upande mmoja, akazipanga kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, zikilaliana kama vigae vya paa. Kwenye bakuli alipiga mayai mawili na vijiko vitatu vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole viwili na hiliki iliyotwangwa. Halafu akamimina maziwa nusu lita. Maziwa yakikosekana, alikuna nazi, akakamua tui zito, lile la kwanza tu, akalichuja. Mimi mpaka leo nalipenda la tui kuliko la maziwa. Akaumwagia mkate mchanganyiko ule polepole mpaka kila slesi ikalowa, akafunika na kuacha.

Kuacha huko ndiko kulikotutesa. Nusu saa nzima! Sisi tumekaa kwenye mkeka, matumbo yanaunguruma, yeye anafagia uwanja kana kwamba hakuna kinachosubiriwa. Ukimuuliza, anasema: "Acha unywe. Mkate wenye kiu hauharakishwi."

Baada ya hapo, sufuria ndogo iliingia ndani ya kubwa, juu ya mchanga. Akafunika kwa mfuniko wa bati, akapalia makaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: makaa machache chini, mengi juu. Yai halitaki vita. Likipata moto wa wastani linaganda pamoja na maziwa na kuwa laini kama malai. Likipata moto mkali linakakamaa na kukamua maji yake, unabaki na mkate unaoelea kwenye maji yenye vipande vya yai. Baada ya dakika ishirini na tano hivi mama alikung'uta majivu, akafunua. Juu rangi ya kahawia, kingo zinakwaruza, na ukichota kijiko katikati kinazama bila kelele.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini mkate wa jana ndio unaofaa. Watu hudhani mkate unakuwa mgumu kwa kukauka tu. Kumbe hata ukiufunga kwenye nailoni utakuwa mgumu, kwa sababu wanga uliolainika wakati wa kuokwa hujipanga upya na kukaza ukishapoa. Mkate wa namna hiyo unakunywa maziwa na bado unasimama. Mkate wa leo, ule laini wa kabatini, ukiumwagia maziwa unakatika na kuwa uji. (Ila tuelewane: mkate mkavu siyo mkate wenye ukungu. Wenye ukungu tupa, usijifanye shujaa.)

Sasa niseme lililoniandikisha makala haya.

Darasani nilikuwa na rafiki, na baba yake ndiye mwenye duka lile. Jumamosi moja akaja kwetu tufanye hesabu pamoja. Akamwamkia mama, shikamoo, marahaba baba, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: siku hiyo mama akaweka mayai matatu badala ya mawili. Tukaletewa sinia, chai ya rangi, na mkate wa kupalia umekatwa vipande vya pembe nne.

Rafiki yangu akala. Akaongeza. Akauliza, "Mama, hii keki gani?"

Kabla mama hajafungua mdomo nikadaka mimi: "Ya Kizungu hiyo. Mjomba wangu ametuletea kutoka mjini."

Mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka sita, alinitazama kama mtu aliyeona jini. "Mjomba gani? Si ule mkate uliokauka wa dukani kwao!"

Nikamfinya paja. Akalia. Rafiki yangu akatazama kipande kilichokuwa mkononi mwake, akakitia mdomoni, akatafuna. Mama hakukasirika. Alimfuta mtoto machozi, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote: "Ndiyo, mkate wa kwenu, baba. Mwambie mama yako nimeshukuru. Ongeza chai."

Usiku, umeme hakuna, koroboi iko chini ya dirisha, mama akaja akakaa kwenye ukingo wa godoro letu. Mdogo wangu alikuwa ameshalala. Akaniuliza polepole: "Leo ulionea aibu mkate, au ulinionea aibu mimi?"

Nikajifanya nimelala.

Alikaa kidogo, akanifunika shuka, akaondoka. Hakuuliza tena. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na chai na viazi. Mkate wa kupalia ulirudi wiki iliyofuata, lakini mimi kila nilipoula nilisikia lile swali. Nikaanza kusema sina njaa. Kisha nikaanza kuandika hadithi za watu wanaokula soseji.

Nimesoma baadaye kwamba hatukuwa peke yetu. Kitabu cha mapishi cha Warumi wa kale, kinachoitwa kwa jina la Apicius, kina mkate mweupe ulioondolewa ganda, ukalowekwa kwenye maziwa, ukakaangwa na kumwagiwa asali. Wafaransa wana mkate wao wa mayai na maziwa wanaouita pain perdu, maana yake mkate uliopotea. Wajerumani wa kwao wanauita Arme Ritter, yaani askari-farasi maskini. Nilipoyaona majina hayo nilicheka peke yangu. Kumbe dunia nzima ilikuwa na mama aliyesimama mbele ya mkate mgumu, watoto wakiwa nyuma yake! Tofauti ni kwamba wao waliupa mkate wao jina, wakaupeleka mpaka kwenye hoteli, na mimi wa kwangu niliusingizia mjomba.

Mwaka jana mama alikuja kunitembelea kwenye chumba nilichopanga Mbagala. Geto la kapera unalijua, si la kueleza. Nilikuwa nimepanga nimtoe nikamnunulie supu na chapati, ajue mwanawe hajambo. Lakini usiku ule nilikuwa na nusu mkate wa juzi, mayai yapo, maziwa yapo, na nikakumbuka yule dada wa kijiweni. Nikaamka saa kumi na moja, kabla yake. Nikawasha jiko la mkaa nje mlangoni.

Niliharibu. Mchanga sikuwa nao, nikasema sufuria nzito itatosha. Nusu saa ya kusubiri nikaifanya dakika kumi, kwa woga kwamba ataamka kabla sijamaliza. Makaa ya chini nikayajaza. Nilipofunua, juu pamepauka, chini pameungua, na katikati kuna maji yanatokota. Nikataka kumwaga. Nikageuka, nikamkuta mama amesimama mlangoni, khanga begani, sijui tangu saa ngapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekimbilia moto," akasema.

Akaitwaa sufuria, akaondoa makaa ya chini, akayahamishia yote juu ya mfuniko, akaiacha itulie. Tukakaa kwenye ndoo mbili zilizopinduliwa tukitazama majivu. Majirani wanapita kwenda kuwahi daladala, wanamwamkia, anaitikia. Nikaona nikingoja mpaka ajipe safari ya kurudi nitakuwa nimejifanya nimelala tena, safari hii nikiwa na ndevu.

"Mama, siku ile," nikasema, "haikuwa mkate. Nilikuonea aibu wewe."

Alinyamaza. Akachukua kijiti, akalisogeza kaa moja lililokuwa linataka kudondoka. "Najua," akasema. "Ungekuwa mkate usingelijifanya umelala." Kisha akaongeza: "Lete sahani. Huu wa juu unalika."

Tukakwangua, tukala. Ulikuwa na ladha ya moshi. Alikula chote nilichompakulia, na alipomaliza akaniambia nikanunue ndoo ya mchanga kwa wale wanaojenga nyumba ya jirani, niuoshe mara tatu mpaka maji yatoke meupe.

Mchanga huo ninao mpaka sasa, uko chini ya kitanda. Kijiweni nimewasomea washikaji makala haya kabla ya kuyaleta hapa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akaniuliza kama maziwa ya unga yanafaa. Nikamwambia yanafaa, ila ayakoroge yawe mazito. Mwingine, bwana mdogo ambaye hadithi zake zote zinatokea New York, alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kwao walikuwa wakila makoko ya wali yaliyolowekwa kwenye chai, na hajawahi kumwambia mtu.

Yule dada akamsogezea kalamu.