Kilwa na watoto: Usiishie kisiwani, pitia na Kivinje

Likizo ikikaribia, wazazi wengi wa Dar es Salaam huwaza Bagamoyo au Zanzibar. Kilwa huonekana mbali, na wengi wao jina hilo walikutana nalo kwenye daftari la historia sekondari, wakaliacha humo humo. Kumbe basi linaloondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri huwafikisha abiria Nangurukuru mchana, na kutoka hapo hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 30 tu.

Muda mzuri ni likizo ya Juni, mvua za masika zikiwa zimekatika na joto limepungua. Masika yenyewe si ya kuchezea. Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara hii eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Njiani mwonyeshe mtoto Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ukijaa safari ilisimama. Kama bibi au babu yao aliwahi kusafiri kusini enzi hizo, wamuulize. Ana mengi ya kusimulia.

Kibali cha kutembelea magofu hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Bahari hapo ni nyembamba, kama kilomita mbili, lakini ni bahari. Kabla watoto hawajapanda, mwambie nahodha atoe maboya ya kuvaa, na uhakikishe lipo linalomtosha mdogo kuliko wote. Kama halipo, tafuta chombo kingine. Hakuna aibu katika hilo.

Jengo la kwanza kuonekana ukikaribia ufuko ni Gereza, ile ngome ambayo watu huiita ya Wareno. Hapa ndipo watoto husikiliza kwa makini, maana kuna mizinga, meli na mfalme aliyekimbia. Vasco da Gama alifika mwaka 1502, akamtisha mtawala wa Kilwa hadi akatoa dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la meli, wakauteka mji, mtawala Ibrahim akatoroka, na Wareno wakajenga ngome yao. Walikaa miaka saba tu. Mwaka 1512 waliondoka. Sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo si yao. Ni kazi ya Waomani waliojenga upya karne tatu baadaye juu ya msingi wa zamani.

Ile dhahabu haikupotea. Ilipofika Lisbon ilifuliwa kuwa chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506, na mpaka leo kimo kwenye jumba la makumbusho la huko. Mtoto wa darasa la tano akielezwa hivyo huuliza swali moja: kwa nini hawairudishi? Mzazi ajiandae.

Kuna mchezo unaofaa kuchezwa ukutani hapo, penye kivuli. Watoto watafute maneno ambayo Wareno waliyaacha midomoni mwetu: meza, bendera, leso, kasha, karata. Neno gereza lenyewe, wataalamu wa lugha wanasema, limetoka kwenye neno lao la kanisa. Halafu waulize kuhusu korosho. Mkorosho ulitoka Brazili na kuletwa pwani hii na Wareno, na leo familia nyingi za Lindi na Mtwara hulipa ada za shule kwa fedha za korosho.

Lakini Kilwa isibaki kuwa hadithi ya wageni. Msikiti Mkuu ulikuwa umesimama karne kadhaa kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kuonekana, ukijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapo hapo pwani. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika mwaka 1331 na kuusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo juu ya mwamba, lilikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Sultani huyo, al-Hasan bin Sulaiman, alitoa sarafu zenye jina lake, na moja ilifukuliwa Great Zimbabwe. Sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, hakuna ajuaye.

Kwenda Husuni Kubwa ni kutembea, na jua la saa sita halina huruma. Maji ya kunywa yabebwe kutoka Masoko, kofia pia. Mtoto mwenye midomo mikavu, mkojo wa njano iliyokolea, au anayelia bila machozi ameshapungukiwa na maji. Mrudishe kivulini na umpe maji kidogo kidogo. Pakiti mbili tatu za ORS hazina uzito kwenye begi. Usiku walale kwenye chandarua chenye dawa, kwa sababu mikoa ya kusini ni miongoni mwa yenye malaria zaidi nchini. Homa ya malaria inaweza kujitokeza wiki moja, mbili au zaidi baada ya kurudi nyumbani. Ikitokea, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari mlikuwa Kilwa. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, ipo Kivinje, si Masoko, hivyo weka namba ya mwenye gari karibu.

Na Kivinje ndiko ambako familia nyingi hazifiki. Hupita njia panda na kurudi Dar na picha za magofu. Ni kupoteza nusu ya safari.

Karne ya 19 mji mkubwa wa Kilwa ulikuwa huu. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, na katika miaka ya 1860 watu zaidi ya 16,000 kwa mwaka walisafirishwa kupitia Kilwa wakiwa watumwa, wengi wakipelekwa Zanzibar. Biashara hiyo baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873. Nyumba za zamani bado zipo, nyingine paa zimeanguka na miti imeota ndani, na boma la Wajerumani linatazama bahari. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Matumbi, si mbali na hapa. Kinjikitile Ngwale, aliyewapa watu maji ya kugeuza risasi, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Basi la Dar hupita upande huo, na abiria wengi huwa wamelala. Hata makadirio ya chini ya waliokufa katika vita hivyo ni 75,000, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao.

Je, mtoto aambiwe haya? Wa miaka sita anatosheka kujua kwamba watu walichukuliwa makwao kwa nguvu na kwamba ilikuwa vibaya. Wa miaka 12 atataka kujua zaidi, na swali lake huwa gumu: waliowauza walikuwa akina nani? Kumjibu "Waarabu" na kuishia hapo si kweli yote. Walikuwamo matajiri wa Zanzibar waliokopesha mtaji, wenye misafara wa pwani na wa bara, wakiwamo Wayao, na kabla yao Wafaransa waliotaka watu wa kulima miwa visiwani mwao. Mmoja wao, Morice, aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka.

Mazungumzo hayo yafanyike mkitembea, si mkiwa mmeketi kama darasani. Kivinje leo ni mji wa wavuvi. Ufukweni mashua hurudi, samaki hupangwa, na watoto wa hapo hukimbia kuwatazama wageni. Waache wenu wakacheze nao kabla ya kutafuta bodaboda ya kurudi Nangurukuru.